Kifungu cha Kumi na Moja

Kikao kilipangwa saa nane. Akidi ikatimia saa tisa kasorobo,
mjumbe wa mwisho akiingiza baiskeli yake
ndani kabisa, hadi karibu na bendera,
maana hapa Ngamiani baiskeli haiachiwi ukuta wa nje.

Mimi ni mwandishi wa muhtasari.
Naandika aliyesema, na alichosema.
Siandiki aliyepiga miayo.

Kifungu cha kumi: taa za barabara ya kumi na tano. Kimepita.
Kifungu cha kumi na moja:
mwalimu wa pili wa chekechea, uji wa saa nne,
na chumba kiachwe wazi mpaka saa kumi na moja jioni
kwa watoto ambao mama zao hawajarudi.
Milioni kumi na tisa na laki mbili.
Mtu akapiga mluzi. Sikuuandika.

Mheshimiwa Shekue akasimama, akavua miwani:
"Mimi nimelelewa na uji wa chumvi na bakora ya shangazi.
Leo niko mbele yenu. Nani alinilipia?"
Kicheko. (Nimeandika: wajumbe walitafakari.)

Bi Mwanahija wa viti maalumu hakucheka.
"Shangazi yako alikuwapo nyumbani, mheshimiwa.
Shangazi wa leo yuko zamu ya mchana kiwandani,
au anakaanga mihogo stendi.
Shangazi alikuwa bajeti,
ila hakuna aliyemwandika."

Akainuka Hozza, mwenyekiti wa mtaa wa bondeni:
"Mvua za Aprili ziliondoka na choo cha shule.
Kalvati ni milioni kumi na nane.
Mtoto akisombwa na mtaro,
irabu utamfundishia wapi?"
Naye alisema kweli. Kalamu ikasita,
kwa kuwa mtaro huo nauvuka mimi,
mvua ikinyesha, mtoto mgongoni, ndala mkononi.

Mwingine akaleta ile ya samaki kukunjwa angali mbichi.
Bi Mwanahija: "Methali haichemshi uji."
Hilo nimeliandika neno kwa neno,
nikalipigia mstari,
kisha nikaufuta mstari.

Sasa niseme kisichokuwamo.
Chini ya meza yangu, kati ya miguu yangu na waya wa feni,
alikuwapo Mbwana, miaka mitano kasoro miezi miwili.
Darasa lao hufungwa saa tano na nusu.
Nilimpa nakala ya bajeti iliyozidi na kalamu nyekundu,
nikamwambia: leo wewe ni panya. Panya hasemi.
Kwa saa mbili alikuwa panya.
Nikajivuna. Kisha nikaona haya kwa kujivuna.

"Napendekeza kiahirishwe hadi robo ijayo,
na kamati ya watu watatu ichunguze
kama kweli wapo watoto wasio na pa kukaa mchana."
Hapo panya akapiga chafya.

Wote ishirini na wawili, kimya.
Shekue akainama, akachungulia, miwani ikamteleza puani.
"Huyu wa nani?"
"Wa mwandishi."
Akatia mkono mfukoni, akatoa pipi ya tangawizi,
akampa, akamfuta pua kwa leso yake mwenyewe,
akarudi kuketi,
na mkono uleule akaunyosha juu, kuahirisha.

Sijui nimwandikie wapi. Pipi haina kifungu.

Usiku huu nanakili kwa taa ya kuchaji.
Waliohudhuria: ishirini na wawili.
Nimerudi hapo mara tatu. Nimeacha nafasi.

Nyuma ya ukurasa wa milioni kumi na tisa
Mbwana amechora nyumba yenye milango minne,
na herufi ya jina lake, miguu juu.
Nakala safi ninayo.
Ila hii ndiyo nitakayoipeleka masijala Jumatatu.
Muhuri wapige upande mmoja;
upande wa pili umekwisha kuwa mwekundu.