Bodi Tupu, Bei Maelewano

Nauza mwenyewe. Dalali simtaki.
Kombo Tamu wa hapa Bopwe keshafika mara mbili,
kapiga paa kofi kama anayechagua nazi,
kasema laki mbili, na yake imo humo humo.
Nikamwambia, yakhe, karibu uji,
maneno hayo tuyaache.

Starleti ya milango mitatu,
nyeupe iliyokwisha kuwa chai ya maziwa.
Imelala ubavuni mwa jiko langu tangu Mfunguo Tatu.
Injini hamna. Giaboksi hamna.
Magurudumu, radieta, betri, hata usukani,
alikuja fundi wake wiki ile ya talaka
wakafungua mchana kutwa, kwa spana zangu,
na mimi nikawapikia.
Nilipika kwa kuwa fundi hana kosa.
"Injini yangu," akasema Hamad, "bodi yako,"
akajiona kagawa kwa haki.

Wa leo ni Shaame Faki, mchomeleaji, katoka Chake.
Kaja na sumaku mfukoni, ndogo kama kokwa ya kungu.
Mlangoni ikashika, tak.
Kwenye boneti ikashika.
Kwenye fenda ya kushoto ikateleza,
ikaanguka mchangani.
Akaniangalia.

Hapo ni pasta, nikamwambia, na chini ya pasta ni gunia.
Niligonga mkarafuu siku nilipokuwa najifunza,
mguu ulitafuta breki ukapata mafuta.
Njoo huku, inama:
chesisi imepinda vidole viwili.
Sakafu ya dereva imeliwa na kutu,
tia mkono, utapita.
Kitu ukikificha aibu yake,
ile pesa utaila na mboga gani?

"Bi Time," akacheka, "unauza au unanifukuza?"
Nauza.

Akafungua buti, karafuu ikamrukia usoni,
mavuno saba yamelala mle,
magunia mawili mawili hadi kituoni,
mvua imepita, jua limepita, harufu haikuhama.
Hiyo sikutozi.

Laki nne na nusu, nikasema.
Akasema tatu, maana anachotaka ni paa na mlango mmoja,
kuna mtu wake kapinduka Mgagadu.
Akavuta kwa kigoe chake, nami nikavuta kwa changu.
Chai ikapoa. Adhuhuri ikaadhiniwa, akaenda kuswali, akarudi.
Laki tatu na sabini.

Nikatoa kadi kwenye bati la biskuti.
Akasoma kwa kidole, polepole: Time Khatib Ngwali.
"Kumbe gari ni lako."
La nani? Nilichuma nani, nilianika nani?
Kidole kikashuka, kikafika namba ya injini, kikasimama.
"Na hii iko wapi?"
Konde. Asubuhi inampeleka mtu sokoni.

Akakuna kidevu. "Hiyo haimo kwenye bei."
Haimo.
Ila ningojee hapo kidogo, kaka Shaame,
nikapige kopi kwa Salhina kabla sijakukabidhi.
Nikapiga mbili.
Salhina hakuniuliza; alinipa na bahasha.

Sasa jambo moja, na hili halina maelewano.
Kiti cha nyuma kuna kuku analalia,
leo siku ya kumi na tatu, mayai tisa.
Bodi haibebwi mpaka yapasuke.
Alinyanyua mikono, akaangalia gari la kukodi
alilokuja nalo na kamba zake na vijana wawili,
akamwangalia kuku; kuku naye hakukwepesha macho.
"Haya. Jumatano ya pili."
Akaniwekea laki moja ya arubuni.

Jioni nimeingia kiti cha dereva, mlango haufungi.
Mbele yangu kitundu tu, pale usukani ulipokuwa.
Miguu nimeiweka kandokando ya kutu.
Nyuma, yule anageuza mayai yake mmoja mmoja,
namsikia.
Bahasha naitia chini ya mkeka wa miguu.
Siku nane.