Kasha la Kumi na Saba

Jumanne na Alhamisi, nusu siku,
hulipwa kung'oa pini.
Chini ya maktaba ya chuo, Tartu, hakuna dirisha;
kuna kipimajoto, na Bi Leelo
anayekikagua kama mgonjwa wake.

Kasha la kumi na saba: madaftari ya Urve Kallaste,
aliyeandika, miaka thelathini na mmoja,
siku barafu ya mto ilipopasuka.
Tarehe. Saa. Upepo. Basi.
Pini zimeota kutu; ukizitoa
zinaacha vivuli kwenye karatasi,
vyekundu, vimelala.

Mwaka wa sabini na nne hauna tarehe.
Kuna mstari mmoja wa penseli:
"Sikushuka mtoni. Mama."
Kisha sabini na tano: Aprili tatu, asubuhi,
upepo wa kusini.

Fomu yangu inauliza idadi ya kurasa,
hali ya jalada, lugha.
Naandika: arobaini na moja. Nzuri. Kiestonia.
Daftari lipo; habari haina kisanduku.
Namuuliza Bi Leelo. Anavua miwani.
"Andika: ukurasa mmoja haukukamilika."

Haukukamilika!
Mimi sijaona uliokamilika kuushinda.

Saa kumi na moja mkataba wangu unalala hadi Alhamisi.
Nasimama darajani; muda huu haulipwi.
Mto bado umeganda,
ila huko chini, katikati, kitu kinagonga
kama mtu aliyesahau ufunguo.
Napapasa mfukoni. Penseli ipo,
mali ya chuo.