Dondora

Fundi wa kwanza, Vingunguti, alilala chini yake,
akatoka na mgongo mweusi, akasema: oili ya difu.
Nikalipia oili ya difu.
Wa pili, Kiwalani, alifungua mota,
akaipuliza kama anayepoza uji wa mtoto,
akasema imekufa. Nikaizika, nikanunua nyingine.
Wa tatu hakushika hata spana.
Aliitazama ile taa ya kijani ikinikonyeza,
konyeza, konyeza, konyeza,
akaniuliza kama hii pikapu niliinunua kwa mtu aliye hai.

Masika hayakuningoja.
Kuku wa Msongola hawali maelezo.
Mara mbili nililala na magunia ya pumba kwenye tope la Chanika,
tairi za nyuma zikijichimbia kaburi,
za mbele zimetulia kama wageni waalikwa.

Ndipo nikaelekezwa kwa Mwamvita, Tabata,
nyuma ya mashine ya kusaga:
mwanamke mfupi, kanga kiunoni juu ya ovaroli,
miwani imefungwa kwa waya wa spika.
Hakuingia chini ya gari.
Alikaa kiti cha abiria, akawasha kiyoyozi, akafumba macho.
Nikadhani joto limemshinda.
"Chungulia chini. Maji yanadondoka wapi?"
Nikachungulia. Pakavu.
"Ehee," akasema.

Akang'oa droo ya dashibodi. Skrubu saba
akazipanga kwenye kifuniko cha Blue Band, kila moja na zamu yake,
akazamisha mkono hadi kwapani,
akaibuka na kisanduku kidogo kuliko kipande cha sabuni.
Kilikuwa kinatoa machozi.
Ndani, njia za shaba zimeota ukungu wa kijani,
pini moja imeliwa mpaka kwenye fizi.

"Huyu ndiye anayeiamuru miguu ya mbele.
Ukibonyeza swichi anaiuliza mota: uko wapi?
Mota inajibu. Hasikii. Anauliza tena.
Hiyo ndiyo konyezo yako, kaka."

Kisha akachokonoa mpira wa maji kwa spoki ya baiskeli.
Kikaanguka kinyumba cha udongo, laini, chenye vyumba vitatu,
na humo buibui waliokauka, akiba ya watoto wa mtu.
Dondora.
Miaka miwili nimepita Barabara ya Mandela vioo juu,
nikiwatazama wenzangu wakifuta jasho,
na ule ubaridi wangu, tone kwa tone,
ukimmwagikia mtumishi wangu masikioni.
Kikulacho, wanasema.
Kumbe hata kikupozacho.

Gerezani, kijana Ulomi alitandaza vitatu juu ya gazeti.
"Vyote kimoja, mama."
Mwamvita akasoma namba, midomo ikicheza,
kama anayetafuta jina la mwanawe kwenye matokeo ya mtihani.
"Hiki kinaishia B. Changu D."
"Herufi tu hiyo!"
"Kuponya na kuponza nako ni herufi tu."
Kijana akarudi ndani, akakaa sana,
akatoka na cha nne, kina vumbi la gari lisilojulikana.

Betri kwanza ikafunguliwa. Halafu chai.
Halafu kikapachikwa, mbali na njia ya maji,
kimevikwa kipande cha mpira wa ndani wa tairi.
Nikazungusha ufunguo.
Taa ikakonyeza. Moyo ukaniruka.
"Mwache ajitambulishe. Sogea mbele. Rudi."
Ikakonyeza mara mbili tena, ikatulia, jicho wazi,
na chini yetu pakasema *ko*,
kama komeo la mwenye nyumba aliyerejea.

Jumamosi nimevuka Chanika bila kushuka.
Nimeegesha nyumbani, tope likinikaukia miguuni,
nikamwona: mweusi, kiuno uzi,
tonge la udongo mdomoni, anazunguka pale pale.
Nilinyanyua kandambili. Nikaishusha.
Nikaenda kukata chujio la chai, nikauziba ule mpira kwa wavu wake.
Akakagua kazi yangu, mara moja, mara mbili,
kisha akabeba udongo wake
kuelekea gari la jirani.