Darzi

Kibao kilisema DARZI, buluu juu ya bati,
mtaa wa pili kutoka soko la Kisutu.
Nilikuwa darasa la nne, mjuaji,
nimeshika sare yenye pindo lililofumuka,
nikamwambia mwenye duka: Umekosea.
Umesahau i. Ni darizi.

Bwana Gulamrasul alikuwa na pini mdomoni.
Alizitoa moja moja, akazichomeka kwenye kifuko cha pamba,
ndipo akacheka.
Kwenu darizi ni kazi. Kwetu darzi ni mtu.
Baba alikuwa darzi Karachi, mimi darzi hapa.
Mama yako anadarizi kofia, sivyo?
Basi kazi yake na jina langu ni mtu na binamuye.

Sikumwamini. Nyumbani nikamuuliza mama,
sindano yake imezama nusu katika bulibuli la mtu wa Magomeni.
Wengine husema tarizi, alinijibu, wengine darizi,
na mwenye kofia analipa bei ileile.
Kalete uzi.

Nilipomaliza shule nilirudi dukani kwake, si na sare tena.
Akanikalisha kwenye cherehani la pembeni.
Hili nalo, alisema, lina gurudumu ndani ya jina,
charkh, sikiliza,
na kweli lilikuwa likiita hivyo, charkh, charkh,
hasa siku zisizo na mafuta.

Mwaka wa mvua zile zilizofunga Jangwani
alikuja Mwajemi, mhandisi Parviz,
koti lake limechanika begani.
Alisimama kwenye matope akasoma kibao kwa sauti,
kama mtu aliyekuta jina la bibi yake
katika daftari la hospitali ya ugenini.
Siku hizi sisi twasema khayyat, alisema.
Darzi amebaki vitabuni.
Lakini darz tunayo bado.
Akainua kidole, nami nikasogeza koti
nikidhani ataonyesha mshono.
Alionyesha ukuta.

Ufa ulianzia juu ya swichi ya taa,
ukapita nyuma ya kalenda ya benki,
ukapotelea kwenye marobota ya teteroni.
Tulikuwa tumeuzoea
kama mke anavyozoea kikohozi cha mumewe.
Darz, alisema Parviz. Kisha akagusa bega la koti:
na hii pia, darz.
Palipoachana, na palipoungwa.
Bwana Gulamrasul akatikisa kichwa kwa namna yake,
ambayo si ndiyo wala siyo.
Hata kwetu, alisema polepole. Hata kwetu, wallahi.

Jioni ile nilifuma bega lile mara mbili.
Kiswahili changu kina ufa, kina mshono,
kimevitenga, kila kimoja na rafu yake.
Wahenga wametuonya tuzibe ufa;
hawakusema kwamba kwa jirani
tundu na kiraka huitikia wito mmoja.
Nikamwaza mama, aliyeachana na baba mwezi wa Mfunguo Tatu
na bado akimshonea kanzu kila Idi.
Sikuwahi kupata neno la hilo.

Halmashauri walikuja na rangi nyekundu,
wakapiga X juu ya ufa,
wakatupa siku tisini.
Bwana Gulamrasul akaenda kwa bintiye, Toronto,
na mkasi mmoja tu, ule wa baba yake.
Majora aliuza. Cherehani la pembeni aliniachia,
na kibao, nilichokibeba kichwani hadi Kariakoo
nikiwa nimekigeuza maandishi chini,
sijui kwa nini, labda haya.

Kiko mlangoni pangu sasa, Mtaa wa Mahiwa.
Wengi huniambia: Fundi, hapo pamekosewa.
Nina brashi. Nina rangi ya buluu nusu kopo.
Lakini kati ya R na Z jua limepasua bati,
mstari mwembamba, wima,
ukiwa mbali utaapa ni herufi.

Mteja wa leo anataka zipu tu.
Elfu tatu. Kesho baada ya alasiri.