Tofali la Ushahidi

Alisema samahani kwanza.
Hilo niliwaambia polisi, wakaacha kuandika.
Samahani, mama. Kisha akanipiga.

Nilikuwa nimeshuka basi la mwisho, linalogeuzia Barabara ya Kessler
maana kaskazini mwa hapo haliendi tena tangu Machi,
mkononi mfuko wa viatu vyangu vya kazini
na sabuni mbili za hospitali, za wizi, nakiri.
Alichukua dola kumi na mbili, kadi ya basi,
na kiatu kimoja.
Kwa nini kimoja, sijui.

Nikaangukia mstari wa njano,
miguu kusini, kichwa kaskazini,
Sent Luis nzima imelala pande mbili za uti wangu wa mgongo.

Upande wa kusini pana mkahawa. Walikuwa wakipandisha viti mezani.
Msichana mweupe, jina limeshonwa kwenye aproni, Maren,
alitoka mpaka ukingo wa lami, akaganda.
Alipiga simu. Simu ikamuuliza: upande gani?
Akasema: katikati.
Akajibiwa katikati hakuna.

Dakika ishirini na sita.
Nilizihesabu kwa taa za kuongozea magari,
nyekundu, kijani, nyekundu,
zikiruhusu magari yasiyokuwapo.

Nyekundu tunajuana. Benki ilipaka mtaa wetu nyekundu kwenye ramani
baba yangu, Ozell Tibbs, angali anang'oka meno ya utotoni.
Na hati za nyumba za ng'ambo ya Kessler zilisema wazi:
isiuzwe kwa Mweusi.
Basi akanunua huku, kwa mkopo wa kukamua jiwe,
akalipa mpaka mgongo ukawa ndoana,
akafa amebakiza miezi minne.

Wezi wa matofali hawaji na nyundo. Wanakuja na kiberiti.
Wanaichoma nyumba tupu, wanangoja zimamoto,
maji yakishalegeza chokaa
wanaupukuchua ukuta asubuhi kama mahindi.
Matofali hupanda malori, huenda mbali,
yakawa vibaraza vya watu wanaopenda vitu vya kale
bila watu wake.
Ya kwetu yaliondoka kwa usiku tatu.
Ngazi za mlangoni ziliachwa. Zinapanda kwenda hewani.

Afisa Dudek alinionyesha picha. Ndicho kifaa hiki?
Tofali jekundu, kona imemeguka,
na ubavuni V,
kama ile niliyoichora kwa msumari, nina miaka saba,
mimi Verlene, nikachapwa kwa ajili yake.
Au ni ufa tu unaofanana na V.
Macho yangu tangu usiku ule si ya kuapia.

Walimkamata. Keyon Barlow, miaka kumi na saba,
alikuwa akilala katika nyumba isiyo na ukuta wa nyuma,
mitaa miwili kutoka ngazi zetu.
Mwendesha mashtaka alisema "watu wa eneo lile"
huku ananitazama mimi kwa huruma.
Wanawake wa kanisani wananingoja nisamehe,
wameshaleta na keki.
Keki nimekula.
Sikio langu la kushoto linachemka kama birika usiku kucha,
na yule mtoto nikimwona
sitamhubiria, sitamkumbatia.
Nitamuuliza kiatu kiko wapi.

Nikaomba tofali, kesi ikiisha, nirudishiwe.
Dudek akacheka, halafu akaona sicheki.
Akatafuta fomu. Ilikuwa chini ya fomu nyingine zote.
Mwenye mali: akaandika jina langu, akakosea, akafuta.
Anwani ya mali?
Kalamu ikangoja.
Nikamtajia namba ya nyumba isiyokuwapo, taratibu,
tarakimu moja moja,
naye akaiandika.