Mlango wa Apataki

Jedwali la maji lilisema saa moja asubuhi
mkondo utasimama.
Jedwali halikuwa na habari
ya mawimbi ya kusini yaliyokesha
yakiruka mwamba, yakilijaza ziwa la ndani
hadi likafura kama shavu la mtoto mwenye jino bovu.
Sasa maji yote yalitaka kutoka
kwa mlango mmoja,
na sisi watano tulitaka kuingia.

Tuahine ndilo jina la chombo chetu, yaani Dada.
Tulimnunua kwa daktari wa meno aliyestaafu Papeete,
akatuachia kutu, tanga lenye viraka,
na katoni nzima ya miswaki.
Miaka tisa sasa. Miswaki haijaisha.
Injini iliisha juzi usiku, karibu na Toau:
ilikohoa mara mbili kama mgeni anayetaka kuaga,
ikanyamaza.

Basi tukapiga bisha, kwenda na kurudi,
kurudi na kwenda, mbele ya mlango ule
uliokuwa ukichemka.
Raimana usukanini, hasemi.
Teva na demani mkononi, anasema kwa niaba ya Raimana.
Hereiti kule chini anapika kahawa kwa mkono mmoja,
wa pili ameushikia ukuta.
Na Poerava omoni, nywele zake zikikauka,
ndiye aliyekuwa kesi.

Maana alikuwa ameziosha kwa maji ya kunywa.
Lita tatu, alisema Teva.
Mbili, alisema Poerava.
Hata kijiko, alisema Teva, ni maji ya watu watano,
na kama kuna mtu anadhani sisi si watano tena,
aseme.
Pakawa kimya.
Tanga likapiga kofi moja, likajaa upande wa pili.

Nililitazama buti langu la mvua likining'inia ngazini.
Humo nilikuwa nimeficha barua ya hospitali ya Numea,
kazi, nyumba, kuanzia Machi,
imekunjwa mara nne,
wiki mbili nikisubiri bahari tulivu ya kuisemea.
Lakini chombo cha mita kumi na moja
hakina chumba cha kulaza siri.
Hulala na mtu yeyote.

Saa tatu akaja mama mmoja na boti ya alumini,
miguu peku, jina lake Tehani,
mwenye shamba la lulu nyuma ya minazi.
Alitucheka kwanza, ndipo akatusalimu.
"Jedwali! Hilo liliandikwa na mtu aliyelala.
Mtazameni huyu," akauonyesha mkondo kwa kidevu,
"bado ana hasira. Akianza kurudia maneno, njooni.
Kumbatieni ukingo wa kulia, wala msimsemeshe."

Tukasubiri. Mkondo ukaanza kurudia maneno.
Teva akavuta demani bila kuambiwa,
Poerava akaparamia mlingoti asome matumbawe,
kahawia, kijani, kahawia, "Kushoto! Kidogo!"
na Dada akasimama papo hapo
kama mtu aliyeshikwa shati kwa nyuma:
tanga limejaa, povu mbavuni,
na mnazi uleule pale ukingoni, hausogei,
dakika nzima, dakika ya pili,
kisha ukasogea unene wa kidole.
Kisha mnazi mzima.
Kisha tukawa ndani.

Mama Tehani hakutaka pesa. Alitaka vitunguu.
Matumbawe hayana udongo, alisema,
kitunguu hapa huja na meli ya mizigo,
na meli imekawia.
Tukampa gunia zima, na miswaki sita.
"Mtarudi lini?" akauliza, akiwasha injini yake.
Hiyo iliwaka.

Hakuna aliyemjibu.
Wanne wakanigeukia polepole,
na Raimana, yule asiyesema, akasema:
"Tunajua tangu Rangiroa.
Buti lako linavuja.
Ile barua nimeianika mara mbili."

Hereiti akanipa kikombe cha maji, kimejaa hadi ukingoni,
na Teva hakuhesabu.

Macho yangu yakaanza.
Nikashuka jikoni kutafuta kisingizio,
na vitunguu vyote
tumeshagawa.