Kidonge Juu ya Sikio la Kulia

Chumba changu kiko chini ya ardhi, hospitalini Tartu.
Hakina dirisha. Theluji naijua kwa viatu vya wanaoingia.
Wengine humu hupima, wengine hutibu,
wengine huandika majina yao juu ya makala.
Mimi napanga.

Nimeletewa droo nzima.
Profesa Voldemar kastaafu, kaacha kikombe,
kaacha diski kumi na moja zilizofungwa kwa mpira:
miaka tisa ya picha za ubongo wa wazee.
"Zangu hizi," alikuwa akisema, akiigonga droo kwa kiganja
kama anayemtuliza mbwa.
Hakuzitoa. Alizikalia
kama kuku juu ya mayai viza.

Majina ya faili: "mpya", "mpya kweli",
"mpya kweli ya pili", "usiguse".
Nimegusa.

Humo nikamkuta yeye. Nimwite Helju;
jina lake la kweli limo katika kabati la chuma, na ufunguo si wangu.
Kwenye kompyuta sasa ni 0417.
Nimemwondolea kijiji, daktari, mwaka wa kuzaliwa.
Tarehe za vipimo nimezisogeza zote kwa idadi moja,
kalenda idanganywe, umbali kati yake usidanganywe.

Kisha uso.
Maana picha ya ubongo huja na ngozi yake, pua, kope, kidevu;
mjuzi akiizungusha kwenye skrini
bibi wa watu anamtazama.
Programu hukata chini ya paji. Sekunde arobaini.
Ugonjwa ulichukua miaka sita kumfutia nyuso za wanawe.
Mimi nimemfutia wake
na chai yangu haijapoa.

Karatasi ya ridhaa nilionyeshwa mara moja tu.
Alikuwa mpanga barua, posta ya Võru, miaka thelathini na minne.
Pembeni, kwa kalamu ya risasi:
*Zipelekeni mbali. Barua isiyotumwa ni karatasi tu.*
Sahihi ya mwaka wa kwanza imenyooka.
Ya mwaka wa tatu inaanza na H, halafu inazunguka,
inazunguka,
nzi ndani ya chupa.

Basi nimetuma.
Si kwa kila mpita njia: kwa waliotia saini mkataba,
wakaapa kutoutafuta uso niliouondoa.

Wiki ya pili, ujumbe kutoka Rosario, Ajentina,
wa mtu nisiyemjua, Itatí Benavídez:
"Samahani. 0417, kipimo cha pili. Kulia kwake ni kushoto."

Nikacheka kwanza. Kisha nikafungua.
Kabla ya kuingizwa kwenye sumaku, kila mzee
alibandikwa kidonge cha mafuta ya samaki juu ya sikio la kulia.
Mafuta hung'aa pichani; nusu mbili za ubongo hufanana mno.
Na hapo, mwaka wa pili, kidonge
kinawaka kushoto, kama taa iliyosahauliwa chumba kingine.
Hipokampasi iliyonyauka: kushoto, kulia, kushoto tena.
Ubongo hauhamishi jeraha lake.
Ni mtu aliyegeuza. Labda profesa. Labda
mimi, Ijumaa ile niliyotaka kuwahi basi.

Nyani haoni kundule,
wala mtunza faili.

Nimeigeuza ilivyokuwa. Nimeandika kwenye daftari la makosa
siku, namba, na jina la aliyeona;
la kwangu nimeliweka chini yake, kwenye safu ya "aliyekosea",
kwa alama ya kuuliza.

Mwezi uliopita mwanawe alipiga simu ofisini,
nikapewa mkono wa simu kwa kuwa hakukuwa na mwingine.
Zile picha za mama, akauliza, zimesaidia nini?
Nikasema, bado.
Akanyamaza. Nilisikia birika lake likianza kuchemka.
"Lakini zimefika?"

Zimefika, nikasema.